Chuma Ndani ya Damu, na Pumzi ya Watu wa Milimani

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliponiomba makala ya sayansi, wavulana wawili wa darasa letu walicheka wakasema ati Biolojia haiandikiki kwa Kiswahili. Basi hii hapa. Nimechagua jambo linalotugusa sisi tunaoishi huku Iten, mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari: damu, madini ya chuma, na namna mwili unavyojua kwamba hewa haitoshi.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Watu wengi husema kwamba asilimia ya oksijeni katika hewa ya huku juu ni ndogo. La hasha! Hewa ya Mombasa ina oksijeni asilimia 21, na hewa ya Iten ina asilimia 21 ile ile. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Hebu fikiria magodoro kumi yaliyorundikwa ghalani. Lile la chini kabisa limebanwa na uzito wa yale tisa, na lile la juu limevimba tu. Mombasa ni godoro la chini. Hewa yake imebanwa, chembe zake zimesongamana. Sisi tuko juu ya rundo. Kwa hivyo ukivuta pumzi moja Iten unapata kama robo tatu ya oksijeni ambayo ungepata kwa pumzi hiyo hiyo kule pwani. Ndiyo maana mgeni akishuka kwenye matatu na kupanda kilima cha kuja shuleni kwetu huhema hadi akasimama kando ya njia, nasi tunampita tukipiga soga.

Lakini mgeni huyo akikaa wiki kadhaa hali hubadilika. Mfaransa mmoja, François Viault, alilithibitisha jambo hili mwaka wa 1890. Alipanda kutoka Lima hadi migodi ya Morococha nchini Peru, zaidi ya mita 4300 juu, akahesabu kwa darubini chembe nyekundu katika damu yake mwenyewe. Kabla ya kupanda alikuwa na chembe kama milioni 5 katika kila milimita moja ya ujazo. Baada ya wiki chache tu zilikuwa zimepita milioni 7. Mwili wake ulikuwa umepeleka habari mahali fulani kwamba hewa haitoshi, na kiwanda cha damu kikaongeza kazi. Swali ni hili: nani alipeleka habari hiyo, na alijuaje? Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulijibu swali hilo vizuri, na jibu lenyewe lina chuma ndani yake.

Tukitazame kiwanda kwanza. Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho, ule uliomo ndani ya mifupa ambao hugombaniwa kwenye supu. Kila sekunde inayopita, uboho wa mtu mzima hutoa chembe zaidi ya milioni 2. Si mchezo. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Ndani yake mna protini iitwayo hemoglobini, na kila hemoglobini moja ina atomu nne za chuma. Kila atomu hushika molekuli moja ya oksijeni mapafuni na kuiachilia inapohitajika, mathalan kwenye misuli ya mguu. Chuma chote katika mwili wa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu, uzito wa msumari, na karibu theluthi mbili zake zimo kwenye damu. Chembe zikivunjwa, chuma chake huokotwa na kutumiwa tena, kama fundi anyooshaye misumari ya mbao kuukuu. Kinachopotea zaidi hupotea pale damu inapotoka mwilini. Sisi wasichana tunajua maana ya hayo kila mwezi.

Sasa habari hupelekwa namna gani? Mwaka wa 1906 huko Paris, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walimtoa sungura damu, kisha wakachukua majimaji ya damu ya sungura huyo aliyepungukiwa wakamdunga sungura mzima. Yule mzima akaanza kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, ingawa hakuwa na upungufu wowote. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mjumbe ndani ya majimaji yale. Mjumbe huyo siku hizi huitwa erithropoietini, au EPO kwa kifupi. Mwaka wa 1957 ilithibitishwa huko Chicago kwamba hutoka hasa kwenye figo. Kumkamata mjumbe mwenyewe kulikuwa kazi ngumu: Eugene Goldwasser na wenzake walihitaji lita 2550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu, ndipo mwaka wa 1977 wakaipata EPO safi, nayo ilikuwa chembechembe tu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa kidogo mno!

Hapo ndipo anapoingia Peter Ratcliffe, ambaye ndiye hasa niliyetaka kumwandika. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1954. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari huko Lancaster alipenda Kemia, na alifikiri angefanya kazi ya kemia viwandani. Asubuhi moja mwalimu mkuu aliingia katika darasa la Kemia akamwambia kwamba anafikiri afadhali asomee udaktari. Naye akatii. (Wenzangu, mwalimu mkuu akiingia darasani kwetu huwa ni habari ya karo.) Ratcliffe akawa daktari wa figo, na pale Oxford akaanza utafiti juu ya swali ambalo wengine waliliona dogo: figo hujuaje kwamba oksijeni imepungua mpaka itoe EPO?

Mwaka wa 1992 jarida mashuhuri la Nature lilimkatalia makala yake. Hakuacha. Mwaka wa 1993 kundi lake lilionyesha jambo la kushangaza: ule uwezo wa kuhisi oksijeni hauko kwenye figo peke yake. Hata chembe zisizotoa EPO kamwe zinao. Kumbe karibu kila chembe ya mwili ina mlinzi wake! Huko Baltimore, Marekani, Gregg Semenza alikuwa ameigundua protini inayowasha jeni ya EPO, akaiita HIF. Na William Kaelin wa Boston, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe mwilini, alikuwa na kipande kingine cha fumbo, protini iitwayo VHL. Watatu hawa walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2019. Siku hiyo ya Oktoba Ratcliffe alikuwa mezani akiandika maombi ya fedha za utafiti, na baada ya kupokea simu aliendelea kuyaandika.

Jinsi mlinzi anavyofanya kazi nitaeleza kwa mfano wa lango la shule, maana sisi wa shule ya kutwa tunalijua lango. Tuseme protini za HIF ni wanafunzi watundu. Wanakuja kila asubuhi, hata siku za kawaida. Mwili hauachi kuzitengeneza. Wakifika darasani hupiga kelele, "Hewa haitoshi! Leteni damu!" Langoni kuna askari mwenye mhuri. Kila HIF inayopita hugongwa mhuri mgongoni, na naibu wa mwalimu mkuu, yaani ile VHL, akiuona mhuri humrudisha mwanafunzi nyumbani mara moja. Kwa hivyo darasa huwa kimya. Lakini wino wa mhuri ni oksijeni. Oksijeni ikipungua wino unakauka, mhuri haushiki, naibu haoni alama yoyote, na wale watundu wanaingia wote. Kelele zinaanza. Figo husikia na kutoa EPO, uboho hupata habari, chembe nyekundu huongezeka. Baada ya wiki chache yule mgeni wetu anapanda kilima bila kusimama.

Nimesema wino ni oksijeni. Mpini wa mhuri je? Mpini ni chuma. Mwaka wa 2001 makundi ya Ratcliffe na Kaelin yalionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba mhuri wenyewe ni kipande cha oksijeni kinachobandikwa kwenye HIF, na kwamba kimeng'enya kinachokibandika hakiwezi kufanya kazi bila atomu ya chuma katikati yake. Kundi la Ratcliffe lilikipata kimeng'enya hicho kwa msaada wa mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita moja, ambaye naye ana lango kama letu.

Dalili za jambo hili zilikuwapo zamani. Madini ya kobalti yalijulikana kuongeza chembe nyekundu, hata madaktari wengine waliwahi kuwapa wagonjwa, na hakuna aliyejua sababu. Tena dawa inayonasa chuma na kukiondoa ilionekana kuzifanya chembe zijione kana kwamba ziko mlimani hali ziko chini kabisa. Sasa tunaelewa. Mpini ukikosekana au ukivurugwa, mhuri haugongi hata kama kopo la wino limejaa.

Mpenzi msomaji, tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo pana utamu wote. Chuma kina kazi mbili. Kwanza hubeba oksijeni ndani ya hemoglobini, na hilo tunalisoma kitabuni. Pili ni sehemu ya yule mlinzi anayepima kama oksijeni inatosha. Mtu aliyepungukiwa na chuma, mlinzi wake anaweza kudanganyika akadhani hewa imepungua, hata kama haikupungua. Na akiishi mlimani, ambako hewa ni hafifu kweli, anapigwa mara mbili. EPO inapiga kelele damu iongezwe, lakini uboho hauna chuma cha kuitengenezea. Ni kama mwenye nyumba kumhimiza fundi ajenge upesi huku misumari hakuna.

Kwamba haya si maneno ya kwenye ubao tu yalionekana mjini Cerro de Pasco, Peru, mita 4340 juu, katika utafiti wa Thomas Smith, Peter Robbins na wenzao uliochapishwa mwaka wa 2009. Lazima ujue kwanza kwamba hewa ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu ipite. Shinikizo hilo likizidi ni hatari. Basi walichukua wanaume 22 wenye afya wanaoishi chini kwenye usawa wa bahari, wakawapandisha. Siku ya tatu baadhi yao walidungwa chuma kwenye mshipa, na wengine maji ya chumvi, bila kujua nani amepata nini. Waliopata chuma, karibu asilimia 40 ya lile shinikizo lililoongezeka kwa sababu ya mwinuko iliondoka. Kwa chuma tu! Hawakuongezewa hewa wala kuteremshwa.

Kundi la pili lilikuwa wenyeji 11 wenye ugonjwa wa Monge, ulioelezwa na daktari Mperu Carlos Monge Medrano katika miaka ya 1920. Wagonjwa hao damu yao imezidi, imekuwa nzito kama uji wa jana. Walitolewa damu kidogo kidogo mpaka lita 2. Ungedhani watapata nafuu. Lakini damu iliondoka na chuma chake, na shinikizo la mapafu likapanda badala ya kushuka.

Nilipofika hapo nilijiuliza, je, watu wote wa milimani wana damu nyingi kama Waperu? Mtafiti Cynthia Beall wa Marekani alitumia miaka mingi akiwalinganisha. Watu wengi wa Andes wameongeza hemoglobini. Watibeti wanaoishi juu vile vile hawakuongeza sana, na mwaka wa 2010 ilijulikana kwamba wengi wao wamerithi aina ya pekee ya jeni iitwayo EPAS1, ambayo ndiyo hutengeneza protini moja ya ukoo wa HIF. Yaani kwao watundu wa langoni wamefundishwa kunong'ona. Na hapa jirani zetu Ethiopia, kwenye milima ya Semien, mita 3530 juu, Beall na wenzake walitangaza mwaka wa 2002 kwamba wenyeji wana hemoglobini ya wastani kama ya watu wa usawa wa bahari, na oksijeni katika damu yao ni asilimia 95. Milima ni mitatu, na kila mmoja umepata jibu lake. Mimi hupenda sana habari hii kwa sababu inawanyamazisha wale wanaosema mtu wa mlimani ni mtu wa mlimani tu.

Sasa nirudi Iten. Ile EPO iliyotafutwa kwenye mapipa ya mkojo ilianza kutengenezwa kwa wingi baada ya jeni yake kupatikana mwaka wa 1985, na mwaka wa 1989 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa figo. Kwao ni uhai, maana figo iliyokufa haitumi mjumbe. Lakini wakimbiaji nao waliisikia. Kamati ya Olimpiki iliipiga marufuku mwaka wa 1990, na kipimo cha kuinasa kilitumika kwenye michezo ya Sydney mwaka wa 2000. Wakenya kadhaa wamefungiwa kwa sindano hiyo, jambo tunalolijua sote na hatupendi kulitaja. Damu ikizidi chembe inakuwa nzito na inaweza kuganda mshipani. Mtu anajitafutia kwa pesa ugonjwa ambao wale wa Cerro de Pasco wanaulilia.

Dada yangu ana miaka 19 na anakimbia. Tangu mwaka jana alikuwa akichoka kabla ya kilomita ya sita, moyo unamdunda, na usiku anatafuna vipande vya udongo. Kocha alisema ni uvivu. Jamaa mmoja akamnong'oneza kwamba kuna sindano. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi mama akampeleka kupimwa damu. Hemoglobini ilikuwa gramu 12.9 kwa desilita, na aliyempima akasema yuko sawa, maana mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 12.

Lakini 12 hiyo ni ya usawa wa bahari. Huku juu ni lazima utoe kwanza ile nyongeza ya mlima, ndipo ulinganishe. Zamani Shirika la Afya Duniani lilisema mita 2000 utoe 0.8. Fanya hesabu: dada anabaki na 12.1, amepita kwa tundu la sindano. Mwaka wa 2024 shirika hilo lilitoa mwongozo mpya, na kwa mwinuko wa mita 2000 hadi 2499 hutolewa 1.4. Dada anabaki na 11.5. Damu ni ile ile na mtu ni yule yule, lakini sasa ana upungufu. Daktari wa pili alipopima feritini, protini inayoweka akiba ya chuma, alipata 9, ilhali kwa mtu mzima mwenye afya chini ya 15 ni ghala tupu. Kelele za EPO alikuwa nazo tele, kilichokosekana ni misumari.

Nyanya aliposikia alicheka. Akasema enzi zao walikunywa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, na hakuna aliyezungumza habari ya ghala. Sina la kumjibu, maana chuma cha damu na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mboga. Managu, terere na maharagwe yana chuma pia, ila chai tunayokunywa pamoja na chakula hukinasa njiani, kwa hivyo siku hizi nyumbani kwetu birika hungoja saa moja baada ya kula. Baba amenung'unika, lakini amezoea.

Vidonge dada anameza siku moja na siku ya pili anapumzika. Mwanzoni nilidhani ni kubana matumizi. Kumbe ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni, na ukimeza kidonge kikubwa leo mlango huo hufungwa karibu siku nzima. Watafiti wa Zürich waliwapima wanawake wenye akiba ndogo ya chuma wakaona kwamba kila kidonge cha siku kwa siku mbili huingia vizuri zaidi kuliko cha kila siku. Damu itapimwa tena mwezi ujao. Nimemwandikia nyuma ya kadi yake ya kliniki tarakimu mbili, 1.4 na 12, ili ajue kutoa hesabu mwenyewe kabla hajaambiwa yuko sawa.